Dawa ya Kumtuliza Mzee: Nani Ametoa Idhini?

(Maneno ya mwanachama mmoja katika mkutano wa tawi, Tudor)



Chama kimetufundisha tusitie sahihi karatasi ya kazi kabla ya kuisoma. Lakini tukimpeleka mzazi katika nyumba ya wazee, sisi watu wa zamu twatia sahihi upesi mlangoni, tukakimbilia kazini.

Nasema juu ya dawa za akili, kama haloperidoli na klopromazini. Sizitukani, mwenye maradhi ya akili zaweza kumrudishia maisha yake. Shauri langu ni mzee mwenye maradhi ya usahaulifu, anayezunguka usiku na kuita watu, akapewa dawa ili wengine walale. Mzee mmoja tumjuaye, zamani fundi wa mabehewa, alimezeshwa vidonge hivyo miezi kadha, mwanawe akidhani ni vya presha. Mzee akawa hawezi kuinua kijiko. Mwana alipouliza, akajibiwa, “Wewe si daktari.” Jibu gani hilo!

Mwaka 2005 idara ya Marekani isimamiayo dawa ilitoa onyo. Katika majaribio ya majuma kama kumi, wazee wenye usahaulifu waliopewa dawa hizo za aina mpya walikufa kama 4.5 kwa mia. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, kama 2.6. Mwaka 2008 onyo likaenezwa kwa zile za zamani pia, haloperidoli ikiwamo.

Hapa Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mtoa matibabu amweleze mgonjwa hali yake, faida ya dawa, hatari zake, gharama, na haki yake ya kukataa. Tena, iwezekanapo, kwa lugha aifahamuyo. Kama ni Kigiriama au Kidigo, basi ni hicho. Asiyeweza kuamua, aelezwe msimamizi wake. Lakini mzee aulizwe kwanza. Kusahau siku ya leo si kusahau kwamba hataki sindano.

Basi uliza: Dawa hii yaitwaje? Ni ya ugonjwa gani? Je, maumivu, kiu au choo kigumu ndivyo vimsumbuavyo? Itapimwa tena lini? Ila usiikatize mwenyewe ghafula. Zungumza na daktari.

Daktari huonekana mchana, nasi tuko kazini. Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba tawi lidai kwa mwajiri ruhusa ya saa chache, bila kukatwa mshahara, kwa mwanachama aliyeitwa kutoa idhini ya matibabu ya mzazi wake.