Maji ya Kijiji na Hesabu ya Kijiji



Anayetaka kujua hali ya kijiji chochote cha Tanzania aanze na maji. Kabla ya jembe, kabla ya shule na zahanati, watu huulizana asubuhi: leo yanatoka?

Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulifika, ahadi haijatimia. Sera ya Maji ya 2002 ikakishika kipimo kilekile, ikaongeza lita 25 kwa mtu kwa siku.

Tupige hesabu. Familia ya watu watano inahitaji lita 125, yaani madumu sita ya lita 20 na zaidi kidogo. Kwenda na kurudi mita 400 mara sita ni karibu kilometa 5, nusu yake mzigo ukiwa kichwani. Hapo sera imetekelezwa kikamilifu! Bomba likifa na mto ukawa umbali wa kilometa 2, safari hizo zinafika kilometa 24. Hakuna mama anayeziweza, basi maji yanapunguzwa: ya kupikia yanabaki, ya kuoga na kufua yanasubiri, na binti anachelewa shule.

Mara nyingi bomba hufa ilhali chanzo kina maji. Pampu imeharibika na fedha ya kipuri haipo. Au ilikuwepo, na wananchi hawajui imekwenda wapi. Anayelipia kila ndoo bila kusomewa mapato na matumizi huacha kulipa. Fedha zikikatika, fundi haji.

Kwa hiyo nasema: mkutano mkuu wa kijiji, ambako hesabu hizo zinapaswa kusomwa, ni sehemu ya mradi wa maji sawa na pampu. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inamfanya kila mkazi aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano huo. Lakini ukiitwa wakati kina mama wako kwenye foleni ya maji, bei ya ndoo itapangwa na wasiobeba ndoo.

Wapo wanaosema wanakijiji ni maskini, wasichangishwe. Ni kweli kuna wazee na wagonjwa wasio na kitu, na hao wasamehewe. Wanaowajua kwa majina ni majirani zao mkutanoni, si ofisi yoyote ya mjini.

Wahandisi mnaohitimu katika chuo hiki, msikabidhi mradi kabla wanakijiji hawajajua gharama ya kuuendesha. Wenyeviti na watendaji wa vijiji, someni hesabu ya maji kila baada ya miezi mitatu, hadharani, saa ambayo kina mama wanaweza kuhudhuria na kuhoji.