Mvua Hutoka Mbali
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano wa Mwaka)



Wako miongoni mwetu waliotaka fedha za Mfuko wa Misaada zigawanywe kila mwaka wa mavuno mema. Kabla ya kukata shauri, yafaa tujue mvua yetu yatoka wapi.

Wengi hudhani kwamba mvua huzaliwa juu ya shamba. Sivyo. Sehemu kubwa ya maji yake hupanda kama mvuke kutoka Bahari ya Hindi, kisha huchukuliwa na upepo mwendo wa mamia ya maili. Na mvuke kupita si mvua kunyesha. Mwaka 1982 wataalamu Kinuthia na Asnani walieleza habari za upepo mkali upitao Turkana, kati ya milima ya Uhabeshi na nyanda zetu za juu. Upepo huo hubeba mvuke mwingi na kuupeleka mbele bara, nayo nchi iliyo chini yake hubaki kame.

Bahari nayo ina zamu zake. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko kawaida, na yale ya Indonesia yakipoa, mvuke huelekea kwetu na vuli hufurika, kama ilivyokuwa mwaka 1961, 1997 na 2019. Baada ya mvua za 1961, Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Joto likihamia upande wa Indonesia, mvuke huvutwa huko, nasi huona kiu. Ndivyo ilivyotukia tangu vuli ya 2020 hata vuli ya 2022: misimu mitano ya mvua ilipungua mfululizo katika kaskazini na mashariki ya Kenya, na mifugo ikafa kwa wingi.

Basi gharika na ukame ni watoto wa bahari moja. Akija huyu, mwenziwe yu njiani. Dalili za vuli huweza kuonekana baharini miezi kadhaa kabla. Za masika ni ngumu zaidi kuzitambua. Kwa hiyo kusikiliza utabiri ni wajibu, lakini hakutoshi.

Twawaomba Wazee na wanachama wakubali kwamba mwaka wa neema uwe mwaka wa kuweka, wala si wa kugawana. Akiba haiozi.