Simu Iliyotelekezwa: Programu Huria na Imani Zetu kuhusu Simu Janja



Karibu kila mwenye simu janja ana taratibu zake za kuitunza. Yuko anayefunga programu moja moja kila baada ya dakika chache ili simu ipumue. Yuko anayeamka usiku wa manane kuchomoa chaji. Yuko aliyeambiwa dukani aichaji simu mpya kwa saa 8 kabla ya kuiwasha, naye akatii. Wengine wameweka programu ya kusafisha RAM na nyingine ya kuua virusi, na zote mbili zinawajazia matangazo. Nawaheshimu watu hawa. Simu ni mali; kwa simu tunapokea mshahara, tunachangia vikoba, tunahifadhi picha za waliotutangulia. Lakini juhudi yao yote imeelekezwa upande usio na hatari, na upande wenye hatari umebaki bila mlinzi. Hayo ndiyo ninayotaka tuyatazame jioni hii.

Tuanze na betri, tuimalize haraka. Ushauri wa kuacha chaji iishe kabisa ndipo uchomeke, na ule wa saa 8, ulitoka enzi za betri za nikeli. Simu za leo zina betri za lithiamu, ambazo ziliingia sokoni mwaka 1991, na hazihitaji mazoezi hayo. Ndani ya simu mna saketi inayokata umeme betri ikijaa. Kinachoila betri ya lithiamu zaidi ni joto, pamoja na kuishusha hadi sifuri mara kwa mara. Simu inayochajiwa chini ya mto, au kwenye dashibodi ya daladala saa sita mchana, inaumia kuliko iliyolala mezani usiku kucha. Chaja feki ndiyo ya kuogopwa, na hiyo haichagui usiku wala mchana.

Suala la kufunga programu linataka maelezo zaidi, maana hapo tunaugusa mfumo endeshi wenyewe. RAM iliyo tupu haimsaidii mtu. Android huziacha programu ulizozifungua zikae humo zimesinzia, na nafasi ikibana, mfumo huchagua zile ulizoziacha kitambo na kuziondoa wenyewe. Ukiifukuza WhatsApp kwa kidole kisha ukaifungua tena baada ya dakika tano, simu inalazimika kuipakia upya tangu mwanzo, na kazi hiyo hula chaji kuliko ile uliyodhani umeiokoa. Ni sawa na mpishi anayezima jiko kila akigeuza chapati. Programu iliyoganda ifunge, nyingine ziache. Na zile za kusafisha RAM hurudia kosa hilo hilo kwa niaba yako mchana kutwa.

Za kuua virusi nazo zina kasoro yao. Kwenye Android kila programu hupewa namba yake ya mtumiaji, kana kwamba ni watu mbalimbali wanaotumia kompyuta moja, na kiini cha mfumo huizuia kila moja kusoma mafaili ya mwenzake. Programu ya kuua virusi iko ndani ya mipaka hiyo hiyo. Haiwezi kupekua kila kitu kama mnunuzi anavyodhani. Tena, programu hasidi nyingi za simu hazirukii simu kama mafua. Mwenye simu ndiye anayezipakua, anaziweka, na kuzipa kila ruhusa zinayoomba. Mfano tunaouona kila siku ni GB WhatsApp na jamaa zake, yaani WhatsApp zilizochokonolewa na watu wengine. Wapo wanaoamini kwamba hilo ni toleo bora la WhatsApp, na nimesikia wengine wakiliita programu huria. Sivyo. WhatsApp yenyewe si programu huria, na aliyeichokonoa hakutuonyesha alichokitia ndani. Mwaka 2021 watafiti wa Kaspersky walikuta programu hasidi iitwayo Triada ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, la ukoo huo huo. Mazungumzo ya familia nzima yamekabidhiwa mtu asiyejulikana, kisa ni kuficha tiki za bluu.

Programu huria ni kitu kingine kabisa, na ina historia ndefu. Mwaka 1983 Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi MIT kule Marekani, alitangaza mradi wa GNU: mfumo endeshi ambao yeyote angeruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuugawa. Mwezi Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21, alitangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo endeshi. Kiini hicho, Linux, kiliwekwa chini ya leseni ya GPL iliyotoka kwa Stallman. Kampuni ya Android ilianzishwa California mwaka 2003, ikanunuliwa na Google mwaka 2005, na simu yake ya kwanza ilipoingia madukani mwaka 2008 msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulitolewa hadharani. Chini yake palikuwa na Linux ya Torvalds.

Kwa hiyo Tecno, Infinix, Samsung na Xiaomi zote zimesimama juu ya kazi hiyo. Mtu akiuliza kama Tecno inatumia Android au HiOS, jibu ni zote mbili: HiOS ni vazi lililovishwa juu ya Android. Hata Smart Kitochi iliyoletwa na Vodacom Tanzania, simu ya batani yenye KaiOS, ina kiini cha Linux. KaiOS ilitokana na Firefox OS ya Mozilla.

Hapa tuwe waangalifu. Kusema Android ni huria ni kusema nusu ya ukweli. Kiini kiko chini ya GPL, inayomtaka anayekuuzia kifaa akupe na msimbo wa kiini hicho ukiuhitaji. Sehemu kubwa iliyobaki iko chini ya leseni ya Apache, ambayo inamruhusu mtengenezaji kuchukua, kubadilisha na kuficha mabadiliko yake. Duka la Play, ramani za Google na huduma zinazofanya kazi nyuma ya pazia si huria hata kidogo. Mwaka 2019 serikali ya Marekani ilipoizuia Google kufanya biashara na Huawei, tofauti hiyo ilionekana kwa macho: Huawei waliendelea kutumia Android iliyo huria, lakini simu zao mpya zilikuja bila duka la Play. Na chini zaidi, programu zinazoendesha chipu, redio ya mtandao na kamera ni siri ya wenye chipu.

Siri hiyo ndiyo inayoziua simu zetu. Udhaifu wa kiusalama ukigunduliwa katika Android, hutengenezwa kiraka, na tangu Agosti 2015 Google hutoa taarifa ya viraka kila mwezi. Kiraka hicho kinatakiwa kisafiri hadi kwa mtengenezaji wa chipu, kisha kwa mtengenezaji wa simu, ndipo kikufikie wewe. Mmoja akiamua kwamba chipu au simu hiyo haimlipi tena, safari inakatikia hapo. Simu inaendelea kuwaka, kamera inapiga, kioo kizima, nawe huambiwi lolote. Taarifa ya kila mwezi, iliyo wazi kwa wote, inawafaa pia wezi, kwa kuwa inawaonyesha udhaifu ambao simu yako haitazibiwa kamwe. Nendeni kwenye Mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, mtafute tarehe ya sasisho la usalama. Kama ni ya miaka miwili iliyopita, simu hiyo imetelekezwa, na kusafisha RAM hakutaifaa kitu.

Baya zaidi, wapo wenye simu ambazo bado zinatunzwa na wanakataa masasisho wenyewe, wakiamini kwamba ni hila ya kuwalazimisha wanunue simu mpya. Imani hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2017 Apple walikiri kwamba mfumo wao ulikuwa ukipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, na mwaka 2020 Ufaransa iliwatoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Wanaoshuku wana sababu. Ila toleo jipya la mfumo mzima ni jambo moja, na kiraka cha usalama ni jambo jingine. Kukikataa kiraka ni kuacha mlango wazi.

Kuna hoja nyingine ninayoisikia, hata kwa watu wa ofisi kubwa: kwamba msimbo ulio wazi ni rahisi kuvamiwa kwa sababu adui anausoma. Nitawajibu kwa tukio la Machi 2024. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujipatia imani katika mradi mdogo uitwao xz, unaotumika kubana mafaili kwenye Linux, kisha akapenyeza humo mlango wa siri. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alikuwa akipima kasi ya kazi nyingine kabisa alipoona kwamba kuingia kwenye kompyuta yake kunachelewa kwa takribani nusu sekunde. Hakuipuuza nusu sekunde hiyo. Aliufuata msimbo hatua kwa hatua hadi akaukuta mlango, akautangaza tarehe 29 Machi, kabla haujafika kwenye matoleo makuu yanayoendesha seva za dunia. Msimbo ungekuwa umefungwa, angeishia kulalamika kwamba kompyuta ni nzito. Uwazi hauzuii uovu. Unampa mtu makini nafasi ya kuufikia.

Uwazi huo huo unaweza kuiokoa simu. Fairphone, kampuni ya Uholanzi, ilianza kuuza Fairphone 2 mwishoni mwa 2015. Wenye chipu, Qualcomm, waliacha kuihudumia baada ya Android 6. Wahandisi wa Fairphone hawakukubali. Wakisaidiwa na kazi ya mradi huria wa LineageOS, waliipeleka simu hiyo hadi Android 10, na huduma ikakoma Machi 2023, zaidi ya miaka 7 baada ya simu kutoka. Ilikuwa kazi ngumu na ya gharama, lakini waliiweza kwa sababu sehemu kubwa ya msimbo ilikuwa mikononi mwao.

Sisi nasi tumewahi kuitumia haki hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hawakusubiri kampuni ya ng'ambo ione faida katika lugha yetu; leseni ilikwisha kuwaruhusu.

Turudi kwenye simu zilizotelekezwa. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu feki nchi nzima kwa kutumia namba za IMEI, zinazoitambulisha kila simu, kwa hiyo uwezo wa kuwabana wauzaji tunao. Uingereza, tangu Aprili 2024, inamtaka mtengenezaji atangaze viraka vya usalama vitaendelea hadi lini. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, unadai masasisho kwa miaka 5 baada ya simu kuacha kuuzwa. Napendekeza nasi tudai mambo mawili. Kwanza, tarehe ya mwisho wa viraka ichapishwe kwenye boksi, kwa Kiswahili, kando ya IMEI, ili mnunuzi wa laki mbili aione kabla hajatoa pesa. Pili, tarehe hiyo ikifika, mtengenezaji atoe njia ya kuifungua simu ipokee mfumo endeshi mwingine, pamoja na msimbo wa kiini ambao GPL tayari inamlazimisha kuutoa. Mafundi simu mlioketi humu mnabadilisha vioo na betri kila siku. Mkipewa njia hiyo na msimbo huo, mtabadilisha na mfumo endeshi.