Mtoto Asiyeona Naye ni wa Mlola

Maneno ya Kamati ya Elimu kwenye mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya chama chetu



Kila mwaka kamati yetu huzungumzia madarasa na madawati. Leo tunaomba kumzungumzia mtoto ambaye hafiki kabisa kwenye hilo dawati, yaani mtoto asiyeona. Tutaanza na habari za wakili mmoja, Haben Girma.

Wazazi wake ni watu wa upande wetu huu wa Afrika. Mama anatoka Eritrea, baba alizaliwa Addis Ababa. Walihamia Marekani, na Haben akazaliwa California mwaka 1988. Ni kiziwi asiyeona. Kaka yake, aliyezaliwa Eritrea, ana hali hiyo hiyo. Bibi yao alipompeleka kaka huyo shule huko Eritrea, aliambiwa kwamba mtoto asiyeona wala kusikia hawezi kusoma. Haben alikulia penye sheria ya kumlinda na walimu wa breli. Akasoma mpaka akahitimu sheria Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2013, kiziwi asiyeona wa kwanza kufanya hivyo.

Ndugu zetu, tulitafakari hilo. Ndugu wawili, ulemavu ule ule. Tofauti yao ilianzia mlangoni pa shule.

Haben alijifunza kudai haki kwa jambo dogo tu, chakula. Alipokuwa chuo cha Lewis & Clark, orodha ya vyakula ilibandikwa ukutani, naye hakuweza kuisoma. Aliomba atumiwe kwa kompyuta, aisome kwa breli. Akajibiwa kwamba wahudumu wana kazi nyingi. Akawa anakula chochote kilichowekwa mbele yake. Baadaye aliisoma sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu, akarudi kuwaambia kwamba haombi hisani, anadai haki yake. Orodha ikaanza kutumwa. Mwaka uliofuata alikuja mwanafunzi mwingine asiyeona, akakuta njia imeshafunguliwa. Hapo ndipo Haben alipoona kwamba haki ya mmoja huwafaa wengi.

Alipokuwa wakili alishiriki katika kesi ya wasioona dhidi ya Scribd, kampuni yenye maktaba kubwa ya intaneti ambayo wasioona hawakuweza kuisoma. Mwaka 2015 jaji aliruhusu kesi iendelee, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ikakubali kuirekebisha maktaba yake. Mwaka huo huo alikutana na Rais Obama Ikulu ya Marekani. Rais alichapa maneno yake kwenye kibodi, Haben akayasoma kwa vidole, kwa nukta za breli.

Asiwepo wa kusema hayo ni ya Ulaya na Marekani. Amon Mpanju, mwanasheria asiyeona, aliwahi kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Wizara ya Katiba na Sheria hapa hapa Tanzania. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, inayompa mtoto huyu haki ya elimu sawa na wenzake. Shule nayo haiko mbali. Shule ya Wasioona Irente, ya Kanisa la Kilutheri, ipo nje kidogo ya mji wa Lushoto tangu mwaka 1963.

Basi sheria ipo, na shule ipo. Kilichobaki ni njia ya kutoka jikoni kwa mama hadi Irente, na hiyo ni kazi yetu sisi.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, majina. Viongozi wa vitongoji, masheikh na wachungaji, tusaidieni kuwajua watoto hawa. Mzazi asilaumiwe wala asiaibishwe. Wengi wanawaficha kwa woga na kwa mapenzi. Pili, kila mtoto apimwe macho kwanza. Wapo wanaohitaji miwani tu, na wapo wenye mtoto wa jicho anayeweza kuondolewa kwa upasuaji. Tatu, fedha: nauli ya kwenda shule na kurudi likizo, sare, godoro, sabuni, na karatasi nene za breli. Asiye na fedha taslimu atoe gunia la viazi au debe la maharage. Tutauza, na hesabu tutaisoma hadharani.

Mcheza kwao hutunzwa. Huyu naye kwao ni Mlola. Tukimfikisha mmoja mwaka huu, atakayefuata atakuta njia imeshafunguliwa.

Daftari la ahadi liko mezani. Karibuni tuchangie.