Sauti ya Mnyonge: Tunajifunza Nini Katika Nyimbo za Remmy Ongala?

Mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani, kisiwani Pemba



Baadhi yenu mmeshangaa kuona ya kuwa mada ya leo ni muziki wa dansi. Hivi karibuni vijana wa kwaya walituletea albamu iitwayo Songs for the Poor Man, yaani nyimbo kwa ajili ya mtu maskini, ya marehemu Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila. Wengi wetu tuliujua wimbo huu au ule kwa kuusikia arusini au redioni. Kuisikiliza albamu nzima kwa utulivu ni jambo jingine. Miguu inataka kucheza, lakini masikio yanaletewa mashtaka.

1. Ni nani aliyeimba?

Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki ya Kongo. Mwaka 1978 alihamia Dar es Salaam, akajiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akaiongoza Matimila. Watu walimwita Dokta. Hakuwa tabibu wa hospitali, bali waliona kwamba maneno yake yaligusa vidonda vyao. Sinza alikoishi, mahali pale panaitwa kwa jina lake hadi leo. Katika albamu hiyo umo wimbo Sauti ya Mnyonge, na jina hilo latosha kueleza kazi ya maisha yake. Katika miaka yake ya mwisho aliuacha muziki wa dansi, akaimba nyimbo za Injili. Alifariki dunia Desemba 13, 2010.

2. Kwa nini albamu ikatengenezwa Uingereza?

Mwaka 1988 Remmy alialikwa katika matamasha ya WOMAD, ambayo Mwingereza Peter Gabriel na wenzake waliyaanzisha mwaka 1982. Mwaka 1989 albamu yake ikatolewa na Real World, kampuni changa iliyoanzishwa mwaka ule ule, yenye studio katika kijiji cha Box. Hivyo Waingereza wasiojua Kiswahili wakauza madukani kilio cha mnyonge wa Dar es Salaam.

Nyumbani hali ilikuwaje? Magitaa na ngoma za bendi nyingi vilikuwa mali ya mashirika, ya jumuiya za chama au ya wafanyabiashara. Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, ya serikali, na kurekodi nyimbo kulitegemea redio hiyo. Kaseti zilinakiliwa mitaani, na aliyeimba hakupata kitu. Sheria ya Hakimiliki iliyomtaja mwanamuziki kama mtu mwenye haki katika jasho lake ilikuja mwaka 1999.

Hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Mara nyingi tunasema kwamba maskini hana sauti. Si kweli. Remmy alikuwa na sauti, na maneno yalimjaa. Alichopungukiwa ni chombo: chombo cha kupigia, chombo cha kusikika, na mkataba wa kumlipa. Mnyonge hakuumbwa bubu. Vyombo vyake vimo mikononi mwa wengine.

3. Je, haya yanatuhusu sisi wa Pemba?

Tuitazame karafuu. Yupo mwenye mikarafuu au aliyeikodi. Yupo mchumaji apandaye juu ya tawi na kulipwa kwa pishi. Wapo akina mama na watoto wanaochambua makonyo usiku na kuanika majamvini asubuhi. Na yupo mnunuzi mmoja kwa mujibu wa sheria, yaani shirika la serikali. Katika miaka ya 1990 bei aliyolipwa mkulima ilikuwa chini mno ikilinganishwa na ya soko la nje, na magunia mengi yakavushwa usiku kwenda Mombasa. Bei ilipandishwa sana mwaka 2011, nasi tunashukuru. Lakini kupanda kwa bei ya kilo si sawa na kupanda kwa ujira wa pishi. Aliye juu ya mti hana mizani. Mizani iko chini, mikononi mwa mwingine.

Tena Pemba inajua gharama ya sauti isiyosikilizwa. Januari 27, 2001 waandamanaji waliuawa kwa risasi kisiwani humu, na zaidi ya watu 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Muafaka ulitiwa saini Oktoba mwaka huo. Muafaka ulikuwa ni kusikilizana, lakini kulichelewa, na aliyezikwa hakurudi.

4. Vipi pale tusipokubaliana na mwimbaji?

Wapo watakaouliza juu ya wimbo wake wa Mambo kwa Soksi, uliohimiza kutumia kondomu wakati Ukimwi ulipokuwa ukiteketeza nyumba zetu. Redio ya taifa ilikataa kuupiga, na mafundisho ya Kanisa letu yalikuwa tofauti na ushauri wake. Hatufichi tofauti hiyo. Hata hivyo, hatuna budi kukiri kwamba alitaja hadharani kifo ambacho aibu ilikuwa imetuziba midomo tusikitaje. Kumsikiliza mtu si kukubali kila asemalo. Tukingoja mnyonge aseme maneno yanayotupendeza tu, hatutamsikia kamwe.

Wala wimbo wa namna hii si mgeni kwetu. Bikira Maria alipomtembelea Elizabeti aliimba, na wimbo wake haukuwaacha wenye vyeo wakae kwa raha. Kisiwa hiki nacho kilizaa malenga wakubwa, Kamange na Sarahani, waliojibizana kwa mashairi bila kuogopana. Jirani zetu Waislamu wanaujua uzito wa neno lililopimwa. Tunaweza kukaa nao baraza moja kuhusu jambo hili.

5. Tufanye nini?

Ndugu zangu, tusikimbilie kuwa sauti ya wanyonge. Tuanze kwa kuwarudishia vyombo. Msimu ujao wa karafuu kila jumuiya iwaalike wachumaji wa kijiji chake, wa dini zote, wazaliwa na wageni kutoka bara, waseme wenyewe nasi tuandike. Kisha tupeleke maneno yao kwa sheha na kwa wenye mashamba jinsi yalivyosemwa, bila kuyapaka sukari.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:

(a) Katika mtaa wetu, ni nani mwenye maneno lakini hana chombo?

(b) Walio miongoni mwetu wanaokodi mikarafuu: je, pishi tunayompimia mchumaji ni ya mfuto, au tunaijaza hadi imwagike?

(c) Ni mashtaka gani tumekataa kuyasikia kwa sababu hatukumpenda aliyeyasema?