Kifuu, Kumbi na Usumba: Msamiati wa Mnazi katika Sayansi ya Maada Mseto



Huenda baadhi yenu mmestaajabu kuona mhadhara wa taaluma za Kiswahili ukianza na mabaki ya shambani. Nakusudia kuonesha kwamba mada hii ni ya lugha kabla ya kuwa ya maabara. Dai langu ni moja: Kiswahili cha Unguja kinazitenganisha sehemu za nazi kwa usahihi ambao sayansi inauhitaji, na tukiupuuza usahihi huo tutapotoka katika lugha na katika sayansi pia.

Kwa miongo kadhaa sasa, watafiti katika nchi zenye minazi wamekuwa wakichanganya mabaki ya mimea na polima, yaani plastiki na resini za namna mbalimbali. Polima hushikanisha, mabaki ya mmea huimarisha. Lengo ni kupata kitu chepesi, cha bei nafuu na chenye nguvu ya kutosha kwa kazi kama vile mbao za kubandika ukutani.

Mnazi hutupatia mabaki ya aina mbili yasiyofanana. La kwanza ni kifuu, au kifuvu kama wasemavyo wengine: gamba gumu la ndani lililoshikana na nyama ya nazi, ambalo kwalo hutengenezwa upawa na kata. Kifuu kikisagwa, unga wake ukatiwa katika resini ya poliesta au katika polipropilini, kwa kawaida kinachopatikana huwa kigumu na kikakamavu zaidi, ila uwezo wake wa kunyumbuka hupungua.

La pili ni kumbi, ganda nene la nje lenye nyuzi. Nyuzi hizo zikishatolewa na kusafishwa huitwa usumba. Unyuzi wa usumba huweza kurefuka kwa asilimia 15 hadi 40 kabla ya kukatika, ilhali ule wa katani hukatika ukiwa umerefuka kwa asilimia chache tu. Sababu ni kwamba vijiuzi vya selulosi ndani ya usumba vimejizungusha mfano wa springi, na vimezungukwa na lignini nyingi. Kwa ufupi, kifuu huleta ugumu, usumba huleta unyumbufu.

Sasa tuchukue mfano wa ripoti iliyofasiriwa kwa haraka, ikasema tu “maganda ya nazi”. Msomaji mmoja ataleta makumbi. Mwingine ataleta vifuu. Wote wawili watakuwa wametii maandishi, na mmoja wao atakuwa ameliharibu jaribio. Kosa hilo halikutokana na ufukara wa lugha, kwani maneno yalikuwapo. Limetokana na mfasiri aliyeyatafuta katika kamusi ya lugha ya kigeni kabla ya kuwauliza wenye minazi.

Na wenye ujuzi huo ni nani? Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama vile Paje, Bwejuu na Jambiani, kina mama hufukia makumbi katika mchanga wa pwani unaofunikwa na maji kujaa. Baada ya miezi mingi huyafukua, huyaponda kwa magongo, huusafisha usumba na kuuanika, kisha husokota kamba. Mwanakemia atasema kwamba vijidudu vimeivunja pektini iliyozishikanisha nyuzi. Jambo ni lile lile, na mama aliyelifanya miaka thelathini analijua kwa mikono yake. Mtafiti atakayemwendea na dodoso la “nyuzi za ganda la nazi” atamfanya mtaalamu huyo aonekane mgeni katika kazi yake mwenyewe.

Ujuzi huu una umri mrefu. Mtepe, chombo cha pwani yetu, haukugongomewa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii. Mwaka 2003 uliundwa mfano wa mtepe ukawekwa Beit-al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kuporomoka huko kunatukumbusha kwamba ujuzi uliohifadhiwa kwa maonesho tu hauko salama.

Nisidai kwamba wazee walikwisha kumaliza kila kitu. Usumba hupenda maji, na polima nyingi huyakataa. Hivyo viwili hivyo havishikani vyema. Watafiti huosha nyuzi kwa hidroksidi ya sodiamu ili kuondoa nta na kuzikwaruza kidogo. Tena, mabaki ya mimea huanza kuharibika kwenye joto la takriban nyuzi 200 za Selsiasi, hivyo huhitajika polima inayoyeyuka kabla ya hapo. Polipropilini, inayoyeyuka kwenye nyuzi 165 hivi, inafaa. Haya ni maarifa mapya, nayo yanahitaji maneno mapya.

Hapa napendekeza istilahi tatu. Kinachoshikanisha tukiite kishikizi, na kinachotia nguvu tukiite kiimarishi. Zao la viwili hivyo tuliite maada mseto. Neno mchanganyiko halitoshi, kwa sababu chumvi na maji pia ni mchanganyiko, na chumvi haionekani tena. Katika mseto wa mchele na choroko, kila kimoja hubaki kikitambulikana, na vyote huwa chakula kimoja. Ndivyo ilivyo maada hii.

Lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Heshima hiyo ina deni lake. Kabla ya kubuni istilahi, tuwaendee wasokota kamba, maseremala na wakwezi, tuandike wanavyoita vitu vyao na kwa nini. Wanafunzi wangu, kazi hiyo nawaachieni nyinyi, na isingoje sana. Kwani pale kamba ya plastiki inapochukua nafasi ya kamba ya makumbi, neno usumba nalo hupungukiwa na wasemaji.