Je, Mtoto Amefahamu Aliyoyasoma?

Hotuba kwa wazazi na walimu wa shule za msingi



Fikirini nyumba moja ya shambani, mbali na mji, wakati wa jioni. Nyanya ameleta chupa ya dawa kutoka dukani, na mtoto mchanga analia kwa homa. Nyanya hajui Kiswahili wala hajui kusoma. Lakini mjukuu wake yuko darasa la tatu, naye husifiwa na jirani wote kwa kusoma kwake. Mjukuu anaitwa, anaishika chupa, anasoma pasipo kusitasita: "Dawa hii isipewe mtoto asiyetimiza miaka miwili, ila kwa agizo la daktari." Nyanya anafurahi, kisha anauliza kwa lugha ya nyumbani: "Haya, mjukuu wangu, huyu mdogo wako nimpe au nisimpe?" Mtoto anaitazama chupa. Halafu anasoma tena yale yale tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi.

Mtoto huyo hakukosa hata herufi moja. Lau mkaguzi wa shule angalikuwapo, pengine angalimpa alama zote za kusoma. Na usiku ule uhai wa mtoto mchanga ungalikuwa mikononi mwa msomaji asiyejua alichosoma.

Kiswahili kina neema moja ambayo kwa jambo hili hugeuka kuwa mtego. Herufi zake husomwa kama zilivyoandikwa. Mtoto akisha kujua ba, be, bi, bo, bu, na akazoea ng' na dh na gh, aweza kulitamka karibu neno lo lote la Kiswahili, hata lile asilopata kulisikia tangu kuzaliwa. Kiingereza si hivyo. Maneno yake mengi huandikwa vingine na kutamkwa vingine, na mtoto asiyelijua neno aghalabu hulikosea ulimini, na kosa lile humwamsha mwalimu. Katika Kiswahili hakuna kosa la kumwamsha mwalimu. Darasa zima husoma kwa sauti nzuri, na wote hudhani mambo yanakwenda sawasawa.

Watu wa Pwani wanalijua jambo hili tangu zamani. Mtoto wa chuoni huweza kuhitimu msahafu naye hajui Kiarabu. Lakini huko chuoni hapana anayedanganyika: mwalimu ajua, mzazi ajua, na mtoto mwenyewe ajua ya kuwa kusoma kule ni ibada, na ya kuwa maana hufundishwa kwa masomo mengine. Shuleni ndiko watu wanakodanganyika.

Walimu watajibu ya kwamba wao huuliza maswali baada ya kusoma, na maswali yenyewe yamechapwa kitabuni chini ya kila habari. Ni kweli. Basi na yatazamwe maswali hayo. Sentensi ifuatayo haina maana yo yote. Imetungwa kwa maneno yasiyokuwapo: Mdupe alikibesha kidazo penye mtuvi. Sasa jibuni. Nani alikibesha kidazo? Mdupe. Alikibesha wapi? Penye mtuvi. Mdupe alikifanyia nini kidazo? Alikibesha. Maswali matatu, majibu matatu, alama tatu kwa tatu. Na hapana mtu ulimwenguni ajuaye Mdupe alifanya nini. Muundo wa lugha peke yake umemwongoza msomaji mpaka kwenye jibu. Mtoto mwerevu hujifunza hila hii mapema: hutafuta katika habari yale maneno yaliyomo katika swali, kisha hunakili yaliyo karibu nayo.

Swali la kweli ni lile ambalo jibu lake haliwezi kunakiliwa. Chukueni habari fupi kama hii. Mama Rehema alitoka alfajiri na kikapu cha mayai. Alipofika mtoni alikuta daraja limechukuliwa na maji. Alitua kikapu, akakaa chini ya mti. Jua lilipokuwa utosini alirudi nyumbani na mayai yote.

Kumwuliza mtoto Mama Rehema alibeba nini si vibaya, maana swali rahisi la kwanza humtia moyo. Lakini upimaji waanza pale anapoulizwa kwa nini hakuvuka, kwa sababu neno "kuvuka" halimo katika habari. Aulizwe pia: Wakati wa kurudi, kikapu kilikuwa kizito kuliko asubuhi, au chepesi, au sawasawa? Mtoto aliyefahamu atacheka kidogo na kusema ni sawasawa, hakuuza hata yai moja. Asiyefahamu atatafuta neno "kizito" katika karatasi, asilione, anyamaze.

Aulizwe tena Mama Rehema alikuwa akienda wapi. Hapa mwalimu awe mwangalifu. Wengi watasema sokoni. Lakini mtoto mmoja aweza kusema ya kuwa alikuwa akimpelekea mayai dada yake aliyejifungua, na mtoto huyo asikatwe alama, kwa kuwa habari haikumkataza kusema hivyo. Aulizwe sababu, na sababu yake ipimwe.

Liko kosa jingine lililo kinyume cha hilo. Habari yahusu ng'ombe, na swali ni: Ng'ombe hutupatia nini? Mtoto hujibu "maziwa", naye hakuhitaji kusoma hata mstari mmoja. Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya kupima, mwalimu amwulize maswali yake mtoto ambaye hakusoma habari ile. Swali atakaloweza kulijibu lifutwe. Picha nayo ifunikwe, kwani watoto wengi husoma picha. Na habari iwe ngeni. Mahali ambapo watoto wanne hushirikiana kitabu kimoja, wengine hukiweka chote kichwani kwa kuwasikia wenzao, hata ukikipindua juu chini wataendelea kusoma vile vile.

Mitihani mikubwa haikulitatua jambo hili. Katika Kenya ya miaka ya 1950 mtoto wa Kiafrika alikutana na mtihani wa kuchujwa mwisho wa darasa la nne, kisha na KAPE mwisho wa darasa la nane. Baadaye, kuanzia 1985 hadi 2023, ulikuwapo mtihani wa KCPE, na maswali yake ya ufahamu yalikuwa ya kuchagua jibu moja katika manne. Mtihani wa namna hiyo husahihishwa upesi na bila upendeleo. Lakini mtoto anayebahatisha tu hutazamiwa kupata moja katika kila manne. Tena mtihani huo ulimjia mtoto akiwa amekaa shuleni miaka minane, wakati ambapo kumjua kuwa hafahamu kulikuwa kumekwisha kuchelewa.

Ndiyo sababu kazi iitwayo Uwezo, iliyoanzishwa mwaka 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda kwa kufuata mfano wa India, ilikuwa ya maana sana. Watoto walipimwa majumbani, mmoja mmoja, mbele ya watu wao. Kwanza herufi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi ya kiasi cha darasa la pili, na mwisho maswali juu ya hadithi. Katika matokeo ya miaka ya kwanza ilionekana ya kuwa watoto wengi wa darasa la tatu walishindwa na hadithi ile ya darasa la pili. Wazazi wengi hawakuwa na habari.

Baadaye ulikuja mpango wa Tusome, ulioenea katika shule za Kenya tangu 2015. Humo mwendo wa kusoma ulihesabiwa kwa dakika: vipimo vya msomaji hodari vilikuwa maneno 65 kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Asishangae mtu kwa tofauti hiyo. "Hatukuwaambia" ni neno moja kwetu, na Mwingereza hutumia matano. Mwendo una maana yake, kwa kuwa mtoto anayevuta silabi moja moja hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake. Lakini yule mjukuu wa chupa ya dawa hakukosa mwendo. Mwendo upimwe, na maswali yafuate papo hapo. Kimoja bila cha pili hakitoshi.

Sasa neno juu ya lugha ya kujibia, ambalo walimu wengi hulipuuza. Mtoto wa Machakos au wa Siaya aweza kufahamu habari ya Kiswahili vizuri na ashindwe kuieleza kwa Kiswahili. Akilazimishwa kujibu kwa Kiswahili, kilichopimwa ni kusema kwake, si kufahamu kwake. Mwachieni ajibu kwa Kikamba au kwa Kijaluo. Tena aachiwe karatasi mbele yake wakati wa kujibu, maana hapimwi kumbukumbu.

Kuna na kipimo kisichohitaji jibu la mdomo kabisa. Mwalimu aandike maagizo katika vipande vya karatasi, kila mtoto na chake, asiseme neno: Vunja kijiti vipande viwili, uweke kilicho kifupi chini ya kiti chako. Au: Ukiwa na kalamu simama, usipokuwa nayo gusa sikio la kushoto kwa mkono wa kulia. Katika dakika moja mwalimu atajua mengi. Vipande visifanane, la sivyo watoto watatazama jirani kabla ya kutazama karatasi.

Darasa la watoto 60 halipimwi kwa siku moja, wala halihitaji. Watoto 5 kila siku, wakati wengine wanaandika, na katika siku 12 za shule wote wamekwisha. Majina yasibandikwe ukutani. Mwalimu aandike katika daftari lake tu ni nani aliyeishia kwenye maneno, nani kwenye aya, na nani aliyesoma yote asifahamu. Hao wa mwisho ndio wanaopotea kwa urahisi, kwa sababu hapana anayewalalamikia. Basi wawekwe pamoja kwa nusu saa, wasomewe habari fupi, wabishane juu yake kwa lugha yao, kisha waisome wenyewe.

Na mzazi asiyejua kusoma asidhani ya kuwa kazi hii haimhusu. Mtoto arudipo jioni na kitabu, asome ukurasa mmoja, kisha mzazi amwambie akifunge na kumsimulia kwa lugha ya nyumbani yaliyomo. Akisimulia, aulizwe "kwa nini" mara moja au mbili. Akianza kuimba yale yale maneno ya kitabu, asipigwe wala asichekwe. Kesho yake mzazi afike shuleni amweleze mwalimu.